Pesa za Karatasi za Kaltenrode

Gari la maiti lilikuwa limeshawashwa, moshi mweupe unafuka nyuma, na jeneza la Francis Mihayo limeshafungiwa ndani, nilipokwenda kulala mbele ya magurudumu. Ilikuwa Saint Paul, mwezi wa pili mwaka 1996, wiki ile ya baridi ambayo magari mengi yaligoma kuwaka na shule zikafungwa. Nilitandika gazeti kwanza. Umri wangu haukuwa wa kulalia barafu hivi hivi.

Dereva, Mmarekani aliyeitwa Harrison, alishuka akaniinamia akauliza kama kifua kinaniuma. Alitaka kuita gari la wagonjwa. Enock, Mkenya niliyekuwa nikipanga naye nyumba mtaa wa Phillips, akamweleza kwamba siumwi, ni mila tu za Watanzania, na kwamba hata yeye haelewi vizuri. Harrison akarudi kukaa kwenye usukani akasubiri. Alikuwa mtu mstaarabu.

Mimi ni Mzaramo wa Maneromango. Francis alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Sisi na wao ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani na kupita kwetu, nasi tukiwatoza hongo ya njia. Kwenye msiba mtani ana kazi zake. Huchimba kaburi, hupika, huwachekesha wafiwa hata kama hawataki, na maiti ikitaka kuondoka huizuia mpaka apewe kitu. Anachopewa ni chake na hakiombwi tena. Minnesota nzima sikumjua Mzaramo mwingine, kwa hiyo kazi zote ziliniangukia. Kaburi tu ndilo lilikuwa linachimbwa Tabora.

"Mnyamwezi hapiti hapa!" nilipiga kelele nikiwa chali. "Babu zake walipita kwa miguu na walilipa. Huyu kwa kuwa amepanda gari anataka kupita bure?"

Watu wakaanza kucheka ndani ya mitandio yao.

"Ondoka hapo, mla muhogo we," alisema Valentina, mjane wa Francis, naye wa Tabora hukohuko. Alikuwa anasafiri na maiti siku ileile. "Ndege itatuacha."

"Ikikuacha miguu si unayo? Kwenu kutembea ni shida?"

Hapo Valentina alicheka, mara ya kwanza tangu afiwe. Akafungua mkoba wake, akatoa bahasha ya kaki iliyochakaa, akanitupia kifuani. "Haya, hongo yako hiyo. Kula ushibe upasuke."

Nikainuka, nikakung'uta theluji, gari likaondoka kwenda uwanja wa ndege. Blandina, binti yao pekee, alibaki amesimama kando ya njia. Yeye alikuwa nesi wa miaka ishirini na minne, na karatasi zake za uhamiaji hazikuwa zimekamilika, kwa hiyo hakuweza kutoka nje ya nchi kumzika baba yake.

Nilichopokea sikukijua. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na jina la mji, na Blandina alikuwa analitafuta jina hilo ili ampate kaka yake. Mama yake alijua. Ndiyo maana alinipa mimi.

Nyumbani tulimwaga vilivyokuwamo mezani. Karatasi sita ndogo, kila moja ukubwa wa karata ya kuchezea, rangi ya kijani iliyofifia. Mbele kulikuwa na tarakimu hamsini, ngao yenye samaki wawili, na mwaka 1917. Nyuma kulikuwa na picha ya daraja lenye mnara, na chini yake jina, Kaltenrode.

"Mzee, hii ni pesa ama ni ticket ya bus?" aliuliza Enock.

"Pesa ya Wajerumani."

"Ya Wajerumani wapi? Hii hata haina mfalme."

Alikuwa amesema kweli. Mimi shule nilisoma vipandevipande, darasa moja Maneromango, nusu darasa Mombasa, mengine melini, lakini Hamburg nilikaa miezi tisa nikichubua rangi za meli, na noti za Kijerumani nilizijua. Hizi hazikuwa na benki. Zilikuwa na sahihi ya meya.

Enock alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Plymouth, na kesho yake alikuwa mapumziko. "Nita-drive mimi," alisema. "Kuna mzungu ana duka ya sarafu mzee mzee huko Saint Paul. Labda ushakuwa tajiri na hujui, uanze kulipa rent."

Mwenye duka aliitwa Alvin. Alizitazama kwa kioo muda mfupi tu. Akatueleza kwamba vita vile vya kwanza vilikula madini yote Ujerumani. Shaba na nikeli zilikwenda kwenye risasi, na sarafu chache zilizobaki watu walizificha chini ya sakafu. Ikafika mahali mtu ana noti kubwa lakini hawezi kununua mkate, kwa sababu mwoka mikate hana chenji. Basi kila mji ukajichapia chenji yake ya karatasi. Ilipita kwa mwoka mikate wa mji ule, kwa muuza bia wa mji ule, basi. Ukivuka daraja kwenda mji wa pili, unacheka nayo mwenyewe.

"Na zina bei gani sasa?" Enock aliuliza.

"Dola mbili kwa moja. Zipo nyingi mno. Miji mingi ilifanya hivi."

"Dola kumi na mbili, Mzee," Enock aliniambia tukitoka. "Petroli peke yake nimeweka ya saba."

Sikuuza. Nilitaka kuzitumia kwenye mzaha siku ya kumaliza matanga, niwalipe Wanyamwezi mshahara wao wa upagazi. Hata kwetu, babu aliwahi kusimulia, Wajerumani walipozingirwa na Waingereza walichapa noti Dar es Salaam kwenye karatasi ya hovyo. Nilidhani Francis alizipata kwa njia kama hiyo, urithi wa mzee fulani. Sikufikiri zaidi.

Siku ya tano baada ya maiti kuondoka, simu ililia saa moja asubuhi. Ilikuwa Valentina, kutoka Tabora. Huko ilikuwa saa kumi jioni na walikuwa wametoka kuzika.

"Mtani, zile karatasi bado unazo?"

"Nimeshanunua nazo kiwanja."

"Acha mzaha."

"Mtani akiacha mzaha atabaki na nini?"

"Zichome, Eliakim."

Aliponiita kwa jina nikavuta kiti. Akaongea haraka, maana simu ile inakula hela. Francis alipelekwa Ujerumani ya Mashariki mwaka 1964 kusomea uchapaji. Kiwanda alichofundishiwa ndicho kilichochapa vile vipesa zamani za vita, na mabaki yalikuwa bado kwenye makabati. Huko alikuwa na mwanamke aitwaye Renate, na huyo Renate alizaa naye mtoto wa kiume. Francis aliporudi alimwambia Valentina yote kabla ya kumuoa, na Valentina akakubali kwa sharti moja tu, kwamba habari hiyo isiingie tena ndani ya nyumba. Francis akatii. Ila bahasha hakuitupa.

"Juzi hospitali amemwambia mtoto," Valentina alisema. "Kiharusi kimeshamshika mdomo, lakini hilo alipata nguvu ya kulisema. Kasema mji umeandikwa kwenye pesa za karatasi, ndani ya bahasha. Halafu akafa. Mimi nikaitoa kabla hajaitafuta. Nikuulize, mtani, kuna mahali pazuri pa kuitupa kuliko kwako? Nimekupa mbele ya watu. Haidaiwi. Zichome."

Simu ikakatika. Niliweka maji ya chai. Enock alikuwa ameshakwenda kazini.

Sikuzichoma, na pia sikuamua kutozichoma. Niliziweka juu ya friji. Mwanamke alikuwa ametumia mila sawasawa kama mtu anayetumia nyundo, na nyundo ilikuwa mimi. Hilo halikuniudhi sana. Nilimheshimu kidogo.

Blandina alikuja Jumamosi mchana. Kiswahili alikuwa anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia hapa. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachoandikia.

"Shikamoo, Anko." Hilo peke yake alilisema kwa Kiswahili.

"Marahaba, binti wa wapagazi. Unataka nikupe mzigo?"

Hakucheka. Alikuwa amepekua nyumba yao siku nne. Alikuwa ameng'oa zulia. Alikuwa amepiga simu Tabora, mama yake akamwambia hajui bahasha yoyote. Halafu usiku uliopita, akiosha vyombo, akakumbuka mkoba, bahasha ya kaki, na mimi chali kwenye theluji.

"Nina kaka," alisema. "Yeye ana miaka thelathini. Simjui jina. Nina jina la mama yake tu, Renate, na Ujerumani ina akina Renate kama mchanga. Bila mji siwezi kuanza popote. Anko, unazo?"

"Ninazo."

"Nisomee jina tu. Sitaki karatasi. Jina tu."

"Mama yako amenipigia. Anataka nizichome."

Nilimwambia kwa sababu mtani hafichi. Alikaa kwenye kiti cha Enock na koti lake, na glavu zake mikononi. Nikamwekea chai.

"Kwa hiyo utachoma?"

"Nilipewa hongo. Hongo haiombwi," nikamwambia. "Ukiniomba, siwezi kukupa. Hata jina. Jina ni sehemu ya kitu."

"Basi nitanunua. Sema bei."

"Haiuzwi vilevile."

Alisimama akanitukana kwa Kiingereza, neno fupi. Nikamwambia anywe chai kwanza, amalize kusikia.

"Haiombwi wala hainunuliwi. Lakini inakombolewa. Mtu wa damu ya marehemu anaruhusiwa kukomboa alichochukua mtani. Bei anapanga mtani, na ikishalipwa mbele ya watu, hakuna wa kuhoji. Hata mama yako. Yeye ndiye aliyeanza kutumia sheria hii."

"Bei gani?"

"Kesho baada ya ibada, pale kwenye chai. Unisimange. Mbele ya watu wote, kama Mnyamwezi anavyomsimanga Mzaramo. Kwa Kiswahili."

Alinitazama kama aliyesikia bei ya nyumba. "Mimi siongei Kiswahili, Anko."

"Unasikia. Baba yako alinisimanga miaka kumi na saba mbele ya masikio yako."

"Naweza kulipa dola mia tano," akasema.

"Kesho. Chai saa saba."

Ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri hapo Phillips. Pastori mwenyeji alituachia chumba na birika kubwa. Watanzania tulikuwa kumi na kitu, Wakenya wengi zaidi, karibu wote wauguzi au wanafunzi. Watu walipokuwa wameshika vikombe nikapanda juu ya kiti, nikaitoa bahasha, nikatangaza kwamba hongo ya msiba wa Mihayo inakombolewa, na mashahidi wasogee.

Blandina akasimama katikati. Alianza kwa Kiingereza. Watu wakapiga meza.

"Kiswahili!"

Akautazama mlango. Uso ukamwiva. Nikadhani ataondoka, na kusema kweli angeondoka mimi ningekuwa nimeepukana na ile shida. Jioni ile ningechoma karatasi bila mawazo.

"Wewe," akasema, taratibu. "Wewe Mzaramo. Watu wanasema ulikuja Ulaya na meli. Uongo. Ulipanda meli kulala. Meli ikaondoka, wewe hujui."

Mtu mmoja akaangua kicheko.

"Ukaamka Hamburg. Ukauliza, muhogo uko wapi?"

"Eeeh!" wakaitikia.

"Baba yangu alibeba mizigo. Ndiyo. Alibeba. Wewe umebeba nini? Umebeba ngoma. Mzaramo akipata dola moja, anacheza siku tatu. Siku ya nne anakopa nauli ya kwenda kazini."

"Uongo!" nikasema, ingawa Enock alikuwa amekaa pale na alijua nauli ya wiki ile ilitoka kwake. Yeye alicheka mpaka akamwaga chai. "Ongeza, sister! Usimwachilie!"

"Baba yangu alilala hospitali wiki tatu. Wewe ulikuja kila siku. Wote wanakusifu. Mimi nilikuwa pale. Ulikuja kula chakula chake."

Hilo ni kweli. Francis hakuweza kumeza, na sinia ilikuwa inaletwa.

Chumba kilikuwa kimechangamka, lakini yeye alikuwa ameacha kutafuta vichekesho. "Sasa baba amepita," alisema. "Amelipa njia. Mimi nimelipa. Toa kitu changu."

Nikashuka kwenye kiti. Nikauliza mashahidi kama imelipwa. Wakasema imelipwa. Nikampa kwa mikono miwili. Akatoa karatasi moja, akageuza upande wa daraja, akasoma jina kwa midomo bila sauti. Akairudisha, akaitia bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaenda kujikatia keki.

Valentina alirudi mwishoni mwa mwezi wa tatu. Habari alikuwa ameshapata; Minnesota habari za Waswahili husafiri kuliko posta. Alikuja Phillips siku ya pili, hakuvua viatu, hakukaa.

"Nilikupa uchome."

"Ulipotoa hukusema nichome. Ungesema mbele ya watu, ningewasha kiberiti palepale."

"Kweli wewe ni mwanasheria wa mihogo."

"Nimefuata mila, mtani. Kama ulivyoifuata wewe."

"Miaka ishirini na minane," alisema, "nimelalia mji ule chini ya godoro langu. Francis alipokuwa akitandika kitanda alikuwa anaisogeza bahasha, anadhani sijui. Sikuwahi kumuuliza hata mara moja. Hilo lilikuwa kazi yangu mimi, Eliakim. Wewe kazi yako ilikuwa kuchekesha."

"Mtoto wako alilia siku nne."

"Ningemnyamazisha. Ni wangu." Akafunga zipu ya koti. "Utani una mwisho."

"Utani hauna mwisho."

"Wa kwangu unao."

Akateremka ngazi. Nilimwita mpagazi kutoka dirishani, kumpima. Hakugeuka.

Yaliyofuata ni haya. Blandina aliandika barua kwa ofisi ya mji wa Kaltenrode mwezi wa nne, akaambatanisha nakala ya karatasi moja. Jibu lilikuja mwezi wa sita, kwa Kiingereza kizuri. Karani alieleza kwamba kwa masikitiko mji hauwezi kuzilipa pesa hizo, muda wake uliisha mwaka 1920, jambo ambalo Blandina hakuwa ameuliza. Kisha akaeleza kwamba Renate Voss, mpiga chapa, alifariki 1988. Mwanawe Thomas alihamia Kassel, upande wa magharibi, mwaka 1990, ukuta ulipokuwa umeanguka, na ni fundi wa lifti. Barua ya Thomas ilifika mwezi wa tisa. Iliandikwa kwa mashine, nusu ukurasa. Walionana Kassel mwaka 1998, karatasi za Blandina zilipokamilika. Alikaa siku nne, akamwachia karatasi tatu kati ya zile sita. Anasema Thomas ana paji la uso la baba yao na hapendi kuongea. Thomas hajawahi kwenda Tabora. Hutuma kadi mwezi wa kumi na mbili.

Blandina aliolewa 1999 na Wanjohi, mhasibu Mkenya. Wanaishi Eagan na wana mtoto wa kike. Alvin alifunga duka la sarafu. Enock alihamia Dallas kufuata joto, akawa na kampuni ya kusafirisha wagonjwa. Harrison sikumwona tena.

Valentina yupo Saint Paul. Anapika kwenye shule. Blandina alimletea picha ya Thomas. Akaipokea, akaiweka mkobani. Kanisani alikuwa akinipa mkono kama anavyompa kila mtu, bila tusi la utani.

Mimi niliondoka mwaka uliofuata harusi ya Blandina. Nilikaa Duluth kwenye ghala la nafaka, kisha Fargo, ambako nafua mashuka ya hoteli zamu ya asubuhi.